Stasheni ya Mbele Haijibu

Kwetu mtu hakuhesabiwa kuwa amefika mpaka atoe habari ya kufika. Ungeweza kuwa umekaa kwa shangazi yako Lubumbashi, umeoga, umeshiba, lakini kama hukutuma neno, kwa baba yangu bado ulikuwa njiani. Baba alikuwa mkuu wa stasheni kwenye reli, na reli ya kwetu ni ya njia moja. Kabla treni haijatoka unapiga simu stasheni ya mbele kuuliza kama njia iko wazi. Ikifika, wao wanakupigia kusema imefika. Mpaka simu hiyo ilie, njia imefungwa na hakuna kingine kinachoruhusiwa kuingia. Sheria hiyo baba aliileta nyumbani. Karibu na mlango alipigilia msumari, na kila msafiri wa nyumba yetu alitundikiwa jetoni pale, kile kisahani cha shaba ambacho zamani wafanyakazi wa depo walikitundika asubuhi kuonyesha kuwa wako kazini. Habari ya kufika ikija, jetoni inashushwa. Mimi niliona ni ukaidi wa mzee tu, na nilimtania sana kuhusu msumari wake.

Naanza na msumari kwa sababu bila huo hutaelewa tulivyokosea, kaka yangu na mimi, tulipoandika kiendeshi.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya kwa desturi ya kwetu, alikuwa fundi wa simu za reli. Mimi nilisoma elektroniki Lubumbashi mpaka chuo kikafungwa, nikarudi Kamina na nusu ya diploma na hasira nzima. Treni zilikuwa zimepungua, mshahara wa reli ulikuwa hadithi ya kuchekesha, na sote wawili tukaishia kwenye chumba cha redio cha misheni, nyuma ya stoo ya unga na saruji. Bosi wetu alikuwa bruda mzee wa Ulaya aliyependa mashine kuliko watu. Vita vilipoanza upya alipandishwa ndege kule Base, kambi ya ndege za jeshi, na begi moja. Alituachia redio, paneli ya jua, betri za lori, kompyuta mbili, kadi mbili za kupitisha maandishi kwenye redio, na diski yenye mfumo huria, ule ambao kila mstari wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha.

Wakati ule foni, yaani redio ya sauti, ndiyo ilikuwa simu ya watu wote. Lakini kwenye foni kila mtu anasikia kila mtu. Mama akiuliza mwanawe yuko wapi, mkoa mzima unamsikia akiuliza, na askari wanaosikiliza wanamsikia pia. Mawimbi yakichafuka unaambulia mkwaruzo tu. Maandishi yangetuokoa na hayo: mashine inatuma, mashine ya upande wa pili inapokea na kujibu, neno likipotea njiani linarudiwa. Padri aliyebaki kwenye misheni alikwenda Base kutuombea ruhusa, akaketishwa benchi mpaka suruali ikang'aa, akarudi nayo.

Tatizo ni kwamba zile kadi zilikuja na kiendeshi cha mfumo mwingine kabisa, kwenye disketi iliyoliwa na ukungu. Kiendeshi ni programu ndogo inayokifundisha kiini cha kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa fulani. Bila hiyo kadi ni bati. Kwa mfumo wetu huria hakuna mtu duniani aliyekuwa ameandika cha kadi ile, angalau sisi hatukumjua. Tulikuwa na kitabu cha kadi, chenye michoro na namba zake zote. Yaya akakifunua huku anatafuna muhogo, akasema basi tutakiandika sisi. Alisema hivyo kama mtu anayesema atafagia uwanja, kisha akachukua kipande kingine cha muhogo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mahali pa kukijaribia.

Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na kazi nyingine zinaendelea. Kiendeshi kinakaa ndani ya kiini, kikikosea kinaangusha nyumba yote. Kompyuta inaganda, unaizima kwa nguvu, unaiwasha, inaanza kukagua diski yake polepole huku ikinyonya betri. Mimi nilitaka tutumie mashine moja, ya pili ikae imezimwa. Umeme wetu ulikuwa wa jua na wa kuhesabiwa, na msimu wa mvua ulikuwa umeingia.

"Yaya, courant ya mashine mbili tutaipata wapi? Moja inatosha. Ikianguka tunaiamusha."

"Weye ulishaona machiniste anajaribu locomotive ya kutoka atelier ku njia kubwa?" akaniuliza. "Anajaribiaka ku voie de garage, ile njia ya pembeni. Kama inakufa, inafia kule, haifunge bengine."

"Iyi haiko treni."

"Njo treni. Na kama iko moja tu, siku inaanguka, ni nani atatuambia ilikufa na nini?"

Hapo alinishinda, na alijua, akaanza kupiga mluzi. Kiini kinapoanguka huwa kinatema maneno ya mwisho yanayoeleza kilikuwa wapi kilipokwama. Kama mashine ni moja, maneno hayo yanapotea nayo. Kama ziko mbili zimeungwa kwa waya, yanabaki kwenye skrini ya ile iliyosalia. Basi tukaweka mbili. Yaya alitengeneza waya kutokana na nyaya za simu za reli, akasuka ncha zake vizuri kuliko nywele zangu. Mashine moja tuliiita mzima, ilikaa karibu na dirisha, tuliandikia humo. Nyingine tuliiita mgonjwa, haikuwa na mfuniko, matumbo nje, kazi yake kuanguka. Kila mashine ilikuwa na kadi yake, na kadi zilizungumza kupitia kipande cha waya badala ya antena. Kiendeshi kipya kilianza kwa mgonjwa. Kikikaa imara ndipo kilihamia kwa mzima.

Ulikuwa wakati mzuri, na naona haya kusema hivyo kwa sababu nchi ilikuwa inaungua. Asubuhi ndege za kijeshi zilipita juu yetu zikienda Base, bati la stoo likatetemeka, na sisi tumeinamia skrini tunasoma kwa nini mgonjwa amekufa tena. Yaya alimsomea kila mara maneno ya mwisho kwa sauti ya padri wa mazishi. Nilimwambia atatuletea mkosi. Akasema mkosi ulishafika nchini siku nyingi, haungoji yeye auite.

Baba alikuwa anakuja na kiti chake cha kukunja. Alikuwa mstaafu, miguu imeanza kumkataa, mama alikuwa ametutoka zamani, na nyumbani kulikuwa kimya sana kwake. Hakuelewa kompyuta, ila alielewa stasheni mbili. Siku moja akauliza mashine itajuaje kama njia iko wazi kabla ya kutuma. Tukamweleza: inauliza, upande wa pili unajibu, ndipo inatuma.

"Na kama ile ingine haijibu?" yaya akamuuliza.

"Inangoja," baba akajibu. "Bila voie libre, bila njia wazi, hakuna kutoka."

Tukaandika hivyo. Kadi inauliza, kiendeshi kinangoja jibu, na kinangoja mpaka lije. Hatukuandika mwisho wa kungoja. Hata hatukulijadili. Mtu aliyekua kwenye nyumba nyingine angeuliza kuna kikomo gani. Sisi tulikuwa watoto wa nyumba yenye msumari mlangoni. Na pale mezani hatukugundua lolote, kwa kuwa stasheni ya mbele ilikuwa umbali wa mkono na kila mara ilijibu.

Kisha habari za Mulongo zikaanza kuja vibaya. Misheni ilikuwa na zahanati kule, kando ya Lualaba, na watu waliokimbia mapigano ya kaskazini walikuwa wanavuka mto kuja upande huo. Foni ya zahanati askari walikuwa wameichukua na kuirudisha imevunjika. Padri alikuja chumbani kwetu, akaangalia mzima na mgonjwa, akauliza kama zinafanya kazi. Yaya akamjibu kwamba zinafanya, mezani.

"Mezani hakuna mugonjwa," padri akasema, taratibu, bila kumlaumu mtu.

Yaya akanitazama. Nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo, nikachemka. Nilimkumbusha yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mbili. Tukitenganisha, hatuna tena mahali pa kujaribia, na kila tutakachogusa tutakigusa kwenye njia kubwa. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwamba stasheni mbili zilizo chumba kimoja si stasheni, ni mchezo. Alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na vita havikutuachia nafasi ya kuchagua mpangilio wa tatu.

Aliondoka na treni ya mizigo mpaka Bukama, huko apande chombo cha mtoni kushuka Mulongo. Alimfunga mgonjwa kwenye blanketi la bruda na kumtia kwenye sanduku la bati pamoja na kadi, betri na redio ndogo ya akiba. Kwenye jukwaa la stasheni alinishika bega.

"Usijaribu kintu juu ya ile yenyi inabakia. Ile njo njia kubwa sasa."

"Enda, treni isikuache."

Hilo ndilo nililomwambia. Nilikuwa na hasira bado, na sikutaka anione nalia. Baba alirudi nyumbani kwa mwendo wake wa kuburura na akatundika jetoni.

Ikapita muda wa kutosha wa mimi kuacha kula vizuri. Kisha siku moja mchana, mbele ya padri na baba, mzima akalia na maneno yakajipanga kwenye skrini. *Nilifika. Rudisha njia. Ambia baba ashushe jetoni. Moustique ya huku inauma bila heshima.* Baba aliomba nimsomee tena. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe nyumbani kuishusha, hakukubali mtu amtangulie. Padri alifungua chupa ya divai ya misa, akatumiminia kidogo kidogo, akasema Mungu atamwelewa.

Kwa muda tukawa na Mulongo kila mchana. Yaya alituma majina ya watu waliofika salama na ya watoto waliopotezana na mama zao, nami nilikuwa nayabandika kwenye mlango wa kanisa. Baina ya majina aliniwekea maneno yangu. *Kambale iko mingi, weye ungelinenepa.* *Leo bantu banavuka na mikeka ku kichwa tangu asubuhi, infirmière wa zahanati hajakaa chini.* *Ile mbuzi ya zahanati ilikula câble yetu, nilisuka ingine.* Watu walikuja kusoma mlangoni na kuondoka wanacheka au wanalia. Mashine tuliyoifanyia utani kwa mluzi na muhogo ilikuwa imekuwa kitu cha watu.

Sikugusa kiendeshi. Nilitii.

Mapigano yalikaribia mto. Maneno ya yaya yakawa mafupi, kisha yakaja moja kwa siku, kisha yakaruka siku. Neno la mwisho lilikuja saa ya kawaida, mchana wa jua kali. *Voie libre? Tunapanda pirogue na bagonjwa, tunapanda mto kuelekea Bukama. Mashine iko na minyi, nitaiwasha kwenyi nitapata nafasi. Baba atundike jetoni. Wafwako.* Wafwako ni asante, kwa Kiluba cha mama yetu. Mzima akajibu mwenyewe kuwa njia iko wazi, kama tulivyomwandika. Mimi nikaandika chini yake: *Kuya, yaya*, yaani njoo. Nikaenda kumwambia baba, naye akaitundika jetoni.

Kesho yake saa yetu ilipofika, mzima alimwita yaya. Kadi ikauliza kama njia iko wazi. Yaya hakujibu. Na mzima akaganda. Kibodi kimekufa, saa ya kwenye skrini imesimama. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, ikaanza kukagua diski, na ilipoamka saa ya redio ilikuwa imepita. Nilidhani ni antena. Nikapanda juu ya bati na kamba kiunoni kuikaza. Siku iliyofuata ikaganda vilevile.

Ndipo nilipochukua karatasi zetu na kusoma mstari kwa mstari, nikafika pale tulipoandika *ngoja mpaka ijibu*. Kiendeshi kilikuwa kinangoja ndani ya kiini, kimeshikilia kila kitu, hakimwachii mwingine hata pumzi. Maadamu yaya hajibu, mashine yangu ilikuwa maiti. Na huenda wakati huohuo yeye yuko kwenye kijiji fulani cha mtoni, amepata betri, anatuita, na stasheni yake ya Kamina imekaa kiziwi kwa sababu inamngoja.

Ilibidi kukirekebisha, na hakikurekebishika bila kujaribiwa, na nilichobaki nacho ni njia kubwa peke yake. Kama ningemwua mzima kabisa, hakuna mlango mwingine ambao neno la yaya lingepitia. Padri akasema tusali. Nilimjibu vibaya. Sikumwomba msamaha siku hiyo, na yeye hakuutaka.

Sokoni alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa zile familia za Waislamu waliotoka Maniema tangu zamani za misafara, tulimwita Hadji. Dukani kwake, nyuma ya mitumba na chumvi, kulikuwa na kompyuta aliyonunua kabla ya vita kwa ajili ya duka, imefunikwa kitambaa cha maua, haijawahi kufanya kazi yoyote. Nilikwenda nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anazungusha tasbihi.

"Na ikikufa?"

"Itakufa mara mingi, Hadji. Njo kazi yake."

"Na kisha ya kufa, inaamka?"

"Inaamka."

Akatazama kitambaa cha maua. "Minyi niko na dada yangu ku Kasongo, ngambo ya pili ya ligne ya vita. Sijue kama iko muzima. Chukua mashine. Siku ile yako inajua kungoja muzuri, na minyi utaniulizia."

Nikaibeba na toleka, nimeishika kifuani juu ya baiskeli, mwenye baiskeli ananilaumu njia nzima kwa uzito wake. Sasa nilikuwa tena na mashine mbili, ila kadi moja. Mpangilio nilioufanya ni huu, na naamini yaya angeukubali baada ya kupiga mluzi kidogo: asubuhi nachomoa kadi kwa mzima na kuitia kwenye mashine ya Hadji, najaribu, inaanguka, nasoma maneno yake ya mwisho kupitia waya uleule wa reli. Adhuhuri nairudisha kadi kwa mzima, ili saa ya yaya isije ikakuta tundu tupu. Kwa mzima saa hiyo sikuita tena, nilisikiliza tu. Kila nilipochomoa kadi asubuhi niliona nimelizima sikio la mtu.

Kuandika kikomo si kazi kubwa. Unaiambia kadi iulize, unakitoa kiendeshi kiende zake, unaweka saa ndogo pembeni. Jibu likija kabla saa haijaisha, vizuri. Saa ikiisha bila jibu, kiendeshi kinaandika kuwa upande wa pili haujibu, kinaachia njia, mashine inaendelea kuishi. Unachotakiwa kutoa ni namba tu: ingoje kiasi gani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake nilipofika hapo. Ilinibidi nimwambie, kwani sheria ilikuwa ya kwake.

"Inangoja mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka namba yenyi nitaweka."

"Na kisha?"

"Kisha inaacha."

"Nani alikupatia ruhusa ya kuacha?"

"Baba, haiache yaya. Inaacha ile mara moja, inapumua, inauliza tena."

Baba akasema kwamba ku reli, kama stasheni ya mbele haijibu, hakuna anayefungua njia kwa kuandika namba. Muntu anachukua taa, anatembea ku njia mpaka anakuta treni, hata kama imepinduka, hata kama ni usiku na mvua.

"Nani atatembea, baba?" nikamuuliza. "Njia yote iko na basoda, askari kila pahali."

Akatazama magoti yake. "Minyi," akasema.

Alikuwa hafiki sokoni bila fimbo. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, nikalia mpaka nikachoka. Nilimlilia yeye na magoti yake kuliko nilivyomlilia yaya, maana yaya bado nilimhesabu kuwa mzima. Kisha nikarudi ndani, nikaandika namba kubwa. Kwa kadi ile ilikuwa kubwa ovyo. Kama stasheni ipo, inajibu kabla hujapepesa jicho. Nilijua hivyo nikiandika. Nikaacha muda wa mtu kuunganisha betri, kufungua blanketi, kutafuta antena mahali pa kuifungia, kufukuza mbuzi. Nikamsomea baba. Akasema ongeza, nikaongeza.

Mashine ya Hadji ilianguka sana kabla ya kusimama. Ilipokaa imara, nikahamisha kiendeshi kwa mzima.

Padri alikuwepo siku hiyo, na baba. Saa ikafika. Mzima akamwita yaya, akauliza kama njia iko wazi. Tukangoja, na skrini ikawa inapumua: saa inatembea, kibodi kinanijibu, kila kitu hai. Ile namba kubwa ikaisha polepole sana. Kisha mstari ukaandikwa: *Stasheni ya mbele haijibu.* Mashine haikuanguka. Ikaita tena, ikangoja, ikaandika tena. Mstari chini ya mstari, sawasawa, bila kosa lolote.

Padri akanipongeza. Ilikuwa kazi nzuri kweli, hata leo naweza kuionyesha popote. Nami nilikaa pale nasoma mistari ile. Siku zote zile nilikuwa na kitu cha kulaumu. Kiendeshi kibovu, ndiyo maana yaya hasikiki. Antena, betri, jua, mistari yetu ya kijinga. Sasa hakuna kilichokuwa kibovu tena. Kulikuwa na ukimya tu, na ulikuwa unatoka upande wake.

Tulimwita kila mchana mpaka vita vilipochoka. Waliotoka mtoni na baiskeli walileta kila mmoja habari yake. Mmoja alimwona mtu mwenye sanduku la bati kwenye gati la wavuvi, anaomba betri. Mwingine alisikia mitumbwi ya wagonjwa ilipigwa risasi kwenye matete ya Upemba. Mwingine alisema wote walichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Nilimuuliza kila mmoja kama mtu huyo alikuwa anapiga mluzi, na hakuna aliyekumbuka. Mashine ya Hadji niliirudisha na kitambaa chake cha maua. Dada yake nilimwulizia kwa misheni za upande ule njia zilipofunguka, akapatikana, na Hadji alikuja chumbani kwetu akaketi kwenye kiti cha baba. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwonea wivu pia, sikufichi.

Baba aliaga dunia jetoni ikiwa bado kwenye msumari. Watu wa kanisa walikuja na maneno laini kuhusu kufanya matanga mawili pamoja, ya baba na mwana, ili roho zipumzike. Wajomba walikubali. Nilikataa, nikaitwa kichwa kigumu mbele ya wageni.

Kiendeshi chetu nilikituma nje baadaye, kwenye mikono ya wanaotunza mfumo ule huria, kikiwa na majina yetu mawili juu, la yaya kwanza. Kikakubaliwa. Ikapita miaka, nikaandikiwa na kijana mmoja wa nchi ya mbali aliyekuwa anasafisha viendeshi vya zamani. Aliandika kwa adabu sana. Alikuwa ameona kwamba kiendeshi kinangoja jibu kwa muda mrefu usio na maana kwa kifaa cha aina hiyo, akauliza kama kuna sababu ya kiufundi, na kama hakuna, je, angeweza kupunguza.

Nilikaa na swali lake. Nikaanza kumweleza habari ya betri na blanketi na mbuzi, nikafuta. Nikamjibu kuwa hakuna sababu ya kiufundi, apunguze.

Akapunguza, na popote pengine duniani kiendeshi kile sasa kinangoja kidogo tu. Mzima bado yupo kwenye chumba cha nyuma ya stoo, na kadi yake ya zamani. Humo sikubadilisha. Nikipita mchana namwasha, anamwita yaya, anangoja kwa namba aliyoitaka baba, na mimi nakaa naye mpaka mwisho wake. Kisha nazima ili betri isife, narudi nyumbani, na ninapoingia naigusa jetoni, isije ikawa imeanguka.